Siku Niliyosema Sikuona Kitu

Nabintu mwanangu,

Umetoka kwenda kuaga kwa shangazi yako na kwa wenzako wa kwaya, ukaniachia kazi ya kufunga sanduku lako kwa kamba. Nitalifunga nikimaliza kuandika. Jua bado liko juu ya ziwa, nyumba imenyamaza, na nina saa mbili tatu kabla hujarudi. Mambo ya safari sitayaandika. Unajua kukaa katikati ya boti, unajua kutobishana na askari, unajua kuchemsha maji. Mama yako, apumzike kwa amani, alikufundisha hayo yote vizuri kuliko mimi.

Ninaandika kwa sababu ya swali uliloniuliza juzi. Ulikuwa unapanga daftari zako za kufundishia, ukasema kwamba huko Kalemie wanafunzi wako wa historia watataka kujua vita vya bonde letu vilianzaje, na kwamba kitabu ulichopewa kinataja ardhi, maji na mipaka. Ukaniuliza, "Papa, weye ulikuwa pale. Ilianza namna gani?" Nikakujibu bila kuinua macho kwamba ilikuwa ni ardhi na maji, kama kitabu kinavyosema. Ukaandika. Nilikuangalia ukiandika uongo wangu kwa mwandiko wako mzuri, na nikakuacha umalize mstari.

Sasa nakuambia ilivyokuwa. Kabila la mtu sitalitaja humu. Utapita kwenye vizuizi vingi, na wanaopekua mizigo siku hizi wanajua kusoma. Nitasema tu watu wa bondeni, yaani sisi, wenye mpunga na mihogo, na watu wa milimani, wenye ng'ombe. Mengine unayajua.

Kabla hatujakimbilia Uvira nilikuwa mlinzi wa mfereji kule kijijini kwetu, upande wa Lubarika. Wewe ulikuwa na miaka mitano. Ukikumbuka kitu, labda unakumbuka vyura. Mfereji ulianzia mtoni, pale milima inapoishia, ukashuka hadi kwenye mashamba ya mpunga. Mwanzo wake kulikuwa na vana, mlango wa chuma unaoshushwa kwa kuzungusha gurudumu. Mvua ikinyesha milimani mto unafura, na vana isipofungwa mapema maji yanaingia kwa nguvu na kupasua kingo. Kazi yangu ilikuwa hiyo tu: kuangalia mawingu na kuzungusha gurudumu. Lakini watu waliniheshimu kwa ajili yake. Akina mama waliokuwa wakipita na mizigo kichwani walisimama kunisalimu, na kwenye harusi nilikaa karibu na shefu wa kijiji. Nilipenda sana kukaa pale.

Rafiki yangu wa karibu alikuwa Yonatani, mfugaji wa milimani. Kila kiangazi alishusha ng'ombe zake kutafuta majani bondeni, kwa makubaliano ya zamani na shefu, zikavuka mfereji sehemu moja iliyotandikwa mawe, asubuhi na jioni. Ulipozaliwa wewe, Yonatani ndiye aliyeleta maziwa siku nane mfululizo, kwa sababu mama yako alikuwa dhaifu. Aliimba kanisani kwa sauti mbaya na hakujali. Kaka yako Kashindi alifundishwa naye kuita ng'ombe kwa mluzi, na wakati mwingine tulipokuwa mezani alipiga mluzi ule kwa makusudi ili zile za Yonatani zilie huko nje, sisi tucheke.

Ilikuwa Jumapili, mwisho wa kiangazi, mpunga umeiva, watu wanangoja siku mbili tatu waanze kuvuna. Baada ya ibada nilipanda baiskeli nikaenda Sange. Pale Sange kulikuwa na fundi baiskeli aliyecheza dame, yaani drafti, vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Tulicheza kwa vifuniko vya chupa juu ya ubao aliouchora mwenyewe, tukinywa kasiksi, pombe ya ndizi. Kwa miaka mingi nilikuwa sijawahi kumshinda. Siku hiyo nilimshinda mara ya kwanza, halafu mara ya pili. Watu walianza kusimama kutuangalia.

Nikaona mawingu. Sitaki ufikiri kwamba sikuyaona. Yalikuwa juu ya milima, meusi upande wa chini, na niliyatazama kama mtu wa kazi anavyotazama. Nilijua kwamba nikiondoka wakati ule nitafika kabla ya maji. Fundi akasema, "Cheza ingine moja, Baba Kashindi, usikimbie na ushindi." Watu wakacheka. Nikakaa.

Nilirudi jioni, njia ikiwa imelowa. Nilisikia kelele kabla ya kuona. Ukingo ulikuwa umepasuka mahali pawili, na mpunga wa familia nyingi umelala chini ya mchanga na matope. Watu wote walikuwa huko mashambani wakijaribu kuokoa masuke kwa mikono. Hakuna aliyekuwa kwenye vana, kwa sababu iko mbali, juu kwenye mawe. Nabintu, jambo la kwanza nililofanya, kabla ya kumwita mtu, kabla ya kuingia majini na wenzangu, nilipanda mpaka kwenye vana nikaifunga. Maji yalikuwa yameshaanza kupungua yenyewe. Haikusaidia kitu. Niliifunga ili ikutwe imefungwa.

Kesho yake asubuhi shefu aliita mkutano palepale, karibu na ukingo uliopasuka. Kijiji kizima kilikuja. Kashindi alisimama kando yangu. Alikuwa na miaka kumi na saba na alikuwa amefanya kazi ya kuzoa matope tangu alfajiri, mikono yake ilikuwa imechubuka. Shefu akaniuliza mbele ya wote kama nilifunga vana. Nikajibu kwamba niliifunga. Neno hilo lilikuwa kweli, na nililichagua kwa sababu lilikuwa kweli.

Hapo mtu mmoja akaonyesha nyayo za ng'ombe kwenye udongo, karibu na kivuko. Akasema kwamba kama vana ilifungwa, basi ukingo ulivunjwa na ng'ombe. Wengine wakaitikia. Nyayo zilikuwepo, ndiyo. Zilikuwepo kila siku ya kiangazi.

Mama Zawadi akasogea mbele. Alikuwa mjane, shamba lake lilikuwa la kwanza chini ya mfereji, na hakubakiwa na suke hata moja. Akasema, "Ng'ombe zilipita asubui. Minye nilikuwa hapa mupaka saa sita, na ukingo ulikuwa muzima." Wanaume wakamzomea. Mmoja akasema kwamba anatetea maziwa anayopewa na Yonatani, na mwingine akasema neno baya zaidi kuhusu mjane na maziwa. Aliponigeukia, uso wake haukuwa na hasira. Nafikiri alikuwa na uhakika kwamba sasa jambo limekwisha, kwamba anayejua atasema.

"Baba Kashindi, weye ndiye mulinzi. Ni ng'ombe zilivunja? Sema."

Nimekaa na muda ule miaka mingi na bado sijui ulikuwa mrefu kiasi gani. Shefu alikuwa ananiangalia bila ukali. Nikisema nilikuwa Sange, angenifokea, wangenitukana, wangeniondoa kwenye kazi, labda ningelima mashamba ya watu mwaka mzima kuwalipa. Nilikuwa nimeyafikiria hayo yote usiku ule kitandani, na nilijua kwamba mtu hafi kwa hayo. Halafu nikamwona Kashindi anavyoniangalia, kwa heshima, na nikashindwa.

Nikasema, "Minye sikuona kitu."

Hayo tu. Sikumshtaki Yonatani. Nilijiambia hivyo siku nyingi, kwamba sikumshtaki.

Saa sita mchana Yonatani alikuja nyumbani. Alikuwa ameshasikia. Hakuingia ndani, alisimama mlangoni na fimbo yake, akaniomba niende naye kwa shefu niseme kitu kimoja tu, kwamba ng'ombe zake zilivuka asubuhi kama kawaida. Hakuniomba niseme lingine. Nikamwambia watu wana hasira, ngoja ipoe, tutaenda kesho. Akaniangalia kidogo, akasema, "Sawa, kesho," akaondoka. Mama yako alikuwa anapepeta mchele uani na alisikia kila neno.

Jioni ile vijana walikwenda kwenye zizi la Yonatani na mapanga. Walikata ng'ombe miguu, wakalichoma zizi. Mdogo wake Yonatani alijaribu kuwazuia, wakamuua. Baada ya siku chache watu walishuka kutoka milimani, wakachoma nyumba za upande wa juu wa kijiji; wazee wawili waliokuwa wagonjwa hawakutoka. Halafu vijana wa kwetu wakaunda kikundi wakakiita ulinzi, na vijana wao wakafanya vilevile. Bunduki zikaja, sijui kutoka wapi; bunduki katika nchi yetu hazikosi njia. Njia ya ng'ombe ikafungwa. Soko tulilokuwa tunauziana mchele na maziwa likafa.

Sitaki nikudanganye upande wa pili pia. Sisemi kwamba vita vyote vya Kongo vilitoka kwenye vana yangu. Vilikuwepo vingine kabla, vikaja vikubwa baadaye, vyenye wenyewe na wakubwa wao wanaosafiri kwa ndege. Na maneno mabaya kati ya bonde na mlima yalikuwepo tangu zamani, kwenye redio na kwenye vilabu. Lakini kijiji chetu kilikuwa kimeyasikia maneno yale miaka yote na bado kilikuwa kinanunua maziwa. Vita vikubwa vilipofika kutafuta mikono ya kuvitumikia, vilikuta kwetu mikono ipo tayari, na mimi ndiye niliyekuwa nimeiandaa. Kwenye kitabu chako imeandikwa ardhi na maji. Ardhi ilikuwepo na maji yalikuwepo, na tuliishi.

Kashindi aliondoka siku moja asubuhi, wiki ya tatu. Nilimkuta anafunga viatu. Nilimuuliza anakwenda wapi, ingawa nilijua. Akaniambia bila kupaza sauti, kama mtu mzima anayemtuliza mzazi wake, "Papa, walikuharibia mufereji. Watu wanasema weye ulilala kazini. Nitawaonyesha."

Kwa hiyo alikwenda kupigana kwa ajili ya jina langu. Ningeweza kumzuia kwa sentensi moja. Nilikuwa nayo mdomoni, Nabintu, nilikuwa nimefungua mdomo. Nikamwambia achukue koti, milimani kuna baridi.

Aliuawa mwaka uleule, huko juu. Hatukuletewa mwili. Aliyetuletea habari alisema kwamba hakuteseka. Wanasema hivyo kwa kila mzazi.

Ndipo nilipomwambia mama yako. Nilimwambia yote, Sange, dame, mawingu, gurudumu. Nilitegemea kwamba atapiga kelele au atachukua vitu vyake aende kwa ndugu zake. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu, kama Kashindi aliwahi kujua. Nikasema hapana. Akainuka akaendelea kupika. Tangu siku ile hakuniita tena Baba Kashindi. Aliniita Baba Nabintu mpaka alipofariki. Wewe ulifikiri, na siku moja ulimwambia shangazi yako nikisikia, kwamba mama aliogopa kutaja jina la marehemu. Hakuogopa. Alininyang'anya.

Na Mama Zawadi, kwa sababu najua utauliza. Usiku wa zile nyumba zilizochomwa, wakati wanaume wa kwetu walikuwa wanatafuta mtu yeyote wa milimani, yeye alikuwa amemficha mke wa Yonatani kwenye ghala lake, chini ya magunia matupu, akamtoa siku ya pili hadi barabarani, akampeleka mwenyewe Kamanyola. Walipojua, hakuna aliyemsaidia kulima tena. Hakuna aliyemkopesha jembe wala chumvi. Alisema kweli mara moja, mbele ya watu wote, kwa sauti ya kutosha, na ningeongeza sentensi moja tu kwenye ile yake, mkutano ungeishia pale. Alifanya sehemu yake yote. Alihamia upande wa Fizi, na huko alikufa, nilisikia, kwa ugonjwa ambao hospitali yoyote ingeutibu. Hakuna kitabu kitakachomtaja.

Miaka ikapita. Tukawa watu wa Uvira, ukakua, ukasoma. Nilijaribu kusema. Nataka ujue kwamba nilijaribu, ingawa sijui kama inahesabika. Kulikuwa na mkutano wa amani hapa mjini, kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki, watu wa bonde upande mmoja na watu wa milima upande mwingine, na wageni katikati wakiandika. Wazungumzaji walieleza kwa zamu maumivu ya babu zao. Nikanyoosha mkono. Nikasimama nikasema mimi ni fulani, nilikuwa mlinzi wa mfereji wa kijiji fulani, ng'ombe hazikuvunja ukingo, mimi niliacha vana wazi kwa sababu nilikuwa ninacheza dame.

Nilidhani dari itaanguka. Mwenye kuongoza mkutano akanishukuru kwa ushuhuda wangu, akasema sasa turudi kwenye ajenda, njia za mifugo. Wakarudi. Kwenye mlango wa kutokea mzee mmoja wa kwetu alinishika mkono kwa nguvu akaniuliza, "Nani alikutuma? Unataka kusema watoto wetu walikufa bure?" Ndicho nilichokuwa nimesema. Na mtu wa upande wa pili, kijana aliyevaa vizuri, aliniambia kwa upole kwamba kwao wanajua sababu nyingi zaidi ya hiyo, kwamba yangu ni ndogo mno. Nilielewa siku ile kwamba kila upande ulikuwa umeshajenga nyumba juu ya uongo wangu, na watoto wamezaliwa humo, na hakuna atakayetoka kwa sababu mzee mmoja amekuja kusema msingi ni mbovu.

Nikamtafuta Yonatani. Ilinichukua muda. Nilivuka mpaka pale Kavimvira, nikaingia Burundi, nikamkuta kambini, mbele ya nyumba ya turubai. Alikuwa amezeeka kuliko mimi. Alinitambua mara moja, akaniletea kigoda, akaniuliza habari za mama yako na zako. Akauliza habari za Kashindi, na nilipomwambia alifunika uso kwa kiganja. Halafu nikamwambia nilichokwenda kumwambia.

Akasema, "Nilijua."

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu siku ileile; mtu wake mmoja alipita Sange Jumapili akaniona kwenye ubao wa dame. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Alinijibu polepole sana, bila kunilaumu, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Nani angenisikia minye? Nilikuwa nakungoja weye. Nilisema huyu ni rafiki yangu, anaona haya leo, kesho atasema. Hata zizi lilipokuwa linawaka nilikuwa naangalia njia."

Baadaye akaniuliza, kama mtu anayeuliza kweli, "Sasa umeniletea hiyo. Niifanyie nini?" Nilisema sijui. Akanisindikiza hadi kwenye lango la kambi. Mwaka uliofuata niliposikia kwamba amefariki, sikuweza kwenda, mpaka ulikuwa umefungwa.

Ningetamani kuishia hapo, mwanangu. Ningeishia hapo, ningekuwa mtu aliyekosea, akajuta, akajifunza, na barua yangu ingekuwa na faida. Lakini nimeapa kwamba leo nitakuambia yote.

Mwezi uliopita, ulipokuwa kwenye mazoezi ya kwaya, nilikwenda robine, kwenye bomba la mtaa, kuchota maji. Tulikuwa wengi kwenye foleni. Vijana wenye silaha walipita wakamshika yule kijana wa simu, unamjua, aliyekuwa anatengeneza simu chini ya mwavuli karibu na duka la mkate. Walisema sura yake ni ya watu wa kule na kwamba anapeleka habari. Mimi ninajua anakotoka. Ninajua alizaliwa kartie yetu, mtaa huuhuu, ninamjua mama yake, nilikuwa kwenye ubatizo wake. Alituangalia foleni nzima, mmoja baada ya mwingine. Alinifikia.

Nilikuwa na kila kitu, Nabintu. Nilikuwa na Kashindi, nilikuwa na Yonatani, nilikuwa na Mama Zawadi, nilikuwa na miaka yote ya kujua neno moja lisiposemwa linazaa nini. Hakuna mtu Uvira nzima aliyeandaliwa kwa dakika ile kama mimi. Na nilishika bidoni yangu ya maji, nikasogea mbele, kwa sababu foleni ilikuwa imesogea.

Hajarudi. Mama yake anauza ndizi palepale na ananisalimu.

Kwa hiyo usitegemee kwamba nitakuambia jinsi ya kuwa jasiri. Ningekuwa ninajua ujasiri unapatikana wapi, ningekuambia kabla ya kukuambia kitu kingine chochote. Nilidhani mateso yanamtengeneza mtu. Hayakunitengeneza. Nilidhani kujua kunatosha, na ndiyo maana nilifurahi uliposoma. Sasa ninaona kwamba mtu anaweza kujua yote na akabaki vilevile. Labda Mama Zawadi alikuwa amezoea kusema kweli kwenye vitu vidogo, kipimo cha mchele, mtoto wa nani amevunja chungu, na siku ile ilikuwa kwake siku kama nyingine. Mimi nilikuwa nimezoea kupendwa. Nafikiri tofauti yetu ilikuwa hiyo, na ilikuwepo kabla ya mvua. Hayo ni mawazo yangu tu, sina ushahidi.

Utafundisha habari za marais na majenerali, nani alikuwa mwema, nani alikuwa mwovu, na nchi ikaenda wapi kwa sababu yao. Sijui habari zao. Nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba mtu mwema mmoja alisimama na haikutosha, na mwoga mmoja alikaa kimya na ikatosha kabisa. Nimejaribu kuligeuza jambo hili kila upande nione kama lina sehemu inayofariji. Sijaiona. Mke wa Yonatani alifika Kamanyola salama, hilo ndilo pekee nililonalo, na si mimi niliyelifanya.

Mstari ulioandika juzi kwenye daftari, ufute au uuache, wewe ndiye mwalimu. Sikuambii uwasomee watoto wa watu barua hii. Wala sikuombi unisamehe. Mama yako hakuweza, na alikuwa mtu mwema kuliko sisi sote. Nimekuambia kwa sababu unaondoka ukiwa unanibeba kichwani kama baba fulani, na nimeona vibaya usafiri ziwani na mzigo ambao si wa kweli. Wakati wowote utakapojishangaa kwamba umenyamaza mahali ulipopaswa kusema, utajua angalau umeitoa wapi damu hiyo, na labda utaichukia mapema kuliko nilivyoichukia mimi.

Ninasikia sauti yako kwa jirani, unacheka na watoto wake. Lazima nimalize. Kesho nitakusindikiza hadi bandarini Kalundu, nitabeba sanduku, nitasema maneno ambayo baba husema. Barua utaikuta katikati ya nguo zako. Usinijibu haraka. Ukifika, tuma kwenye simu ya jirani neno moja tu, kwamba umefika, hilo nitaomba anionyeshe. Mengine yakija baadaye, nitayapokea vyovyote yatakavyokuwa. Na yasipokuja, nitajua kwamba uliisoma hadi mwisho.

Baba yako